Usiende Jioni

Umeniuliza, Lusungu, namna ya kumwambia kaka yako.
Usiende jioni.
Jioni kilabu kimechangamka, lita zinapokezanwa,
na Kihwele ni mfalme juu ya kreti lililopinduliwa.
Mimi niliwahi kwenda jioni. Nilikwenda na karatasi,
hoja saba kwa kalamu nyekundu:
ini, figo, ada ya mtoto...
Sikufika ya nne.
Walinipigia makofi kama mchekeshaji,
mmoja akanimwagia povu begani:
"Mgema kaokoka! Nani sasa atatugemea?"
Nikarudi nyumbani nanuka ulanzi nisiounywa.
Twilumba hakuuliza. Alininusa tu,
akageukia ukutani.

Nenda alfajiri.
Kidabaga mwezi huu ukungu haunyanyuki mpaka saa mbili,
hakuna atakayekuona ukiingia, na hilo ni heshima kwake.
Nenda saa ile mikono inatetemeka
mpaka kifungo cha shati kinamshinda.
Sema kamwene. Ngoja aitikie.
Usimfunge hicho kifungo.
Kaa.

Mzee Nyaulingo alipokuja kwangu
alileta chupa ya uji na nyundo.
Nyundo! Nikadhani amekuja kudai deni.
Akageuza kigoda changu chenye mguu mbovu,
akagonga, akajaribu kukikalia, akagonga tena,
na huku anagonga anasema, kama anayesimulia ya jirani,
kwamba yeye mwaka ule wa njaa
alibandua bati nne za jikoni kwa mke wake
akaziuza Ilula, akazinywa kwa siku mbili,
na mvua ilipokuja mke alipika amejifunika turubai.
Hakusema "acha".
Hakunitaja hata mara moja.
Lakini mimi niliangalia juu, Lusungu,
nikahesabu bati zangu.

Kwa hiyo usianze na yeye. Anza na zako.
Una siku arobaini na moja, zinatosha kusimulia,
hazitoshi kujivunia.
Mweleze lile la baiskeli. Lile la msibani pia,
ndiyo, lile hasa, ulivyoanguka juu ya jeneza la shangazi.
Akicheka, cheka naye.
Akitukana, kunywa uji.
Akikuuliza, "Nani kakutuma?"
mwambie ukweli: usingizi ulikukataa.

Mimi mgema, nina mfano mmoja tu, nakuazima.
Asubuhi na jioni nilikata ncha ya chipukizi,
ubapa mwembamba kama kucha,
kidonda kisije kikafunga,
kiendelee kulia ndani ya mbeta.
Asubuhi ulanzi mtamu, mtoto anaweza kunywa.
Kesho yake mkangafu.
Na chipukizi kigemwacho hakiwi mwanzi,
hakijengi uzio, hakisuki tenga.
Mwambie hivyo, halafu nyamaza.
Asipoelewa usifafanue,
anaijua mianzi kuliko wewe.

Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji.
Na anayeacha akisifiwa, je?
Chunga watu wa kanisani wasikupandishe jukwaani mapema.

Jioni hiyohiyo utamsikia anaimba kutoka kilabuni.
Usichukie uji wako.
Rudi kesho, au keshokutwa mvua ikizidi.
Mimi Nyaulingo alirudi mara tisa.
Ya tisa nilikuwa nimekaa mlangoni juu ya kigoda,
nimevaa viatu, sijui nakwenda wapi,
nikamwambia, "Umechelewa."

Jambo moja, na hili usimfiche.
Misimu miwili sasa sijagusa,
lakini nikipita bondeni asubuhi
nikisikia tone linaanguka ndani ya mbeta ya mtu mwingine,
to,
mate hunijaa.
Nasimama. Nashika mti wowote ulio karibu.
Halafu napanda kilima kwenda kwa Nyaulingo
kumuuliza kama kuna kigoda cha kugonga.

Mwambie na hilo.
Mwambie nyumba yangu anaijua, mlango naufungua mapema.